Undugu Haufuti Ukimbizi: Kombewa na Waliofurushwa 2008

Ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133, kwa mujibu wa Tume ya Waki iliyozichunguza. Serikali ilihesabu watu 663,921 waliofurushwa makwao. Takriban 350,000 walikimbilia kambi 118. Wengine 313,921 walipokewa na jamaa na marafiki, wakaandikwa kuwa wamejumuika na jamii. Makala haya yanapinga mantiki ya hesabu hiyo. Kupokewa na ndugu ni mwanzo wa makazi mapya. Kosa la dola lilikuwa kuchukulia kwamba huko ndiko mwisho wake.

Kombewa, katika eneo la Seme magharibi mwa Kisumu, inaonyesha kwa nini. Wajaluo waliotimuliwa Naivasha, Nakuru na Limuru Januari 2008 walirejea Nyanza, kwenye maboma ya baba na babu zao. Mlango haukufungwa. Lakini ardhi huko hurithiwa upande wa baba, na imekwisha kugawanywa kizazi baada ya kizazi. Aliyekuwa kibarua wa mashamba ya maua alirudi kwenye kipande kinacholimwa na kaka zake. Binti aliyerudi na watoto alipata hifadhi, hakupata fungu. Mwenyeji naye, anayetegemea mahindi, mtama na samaki wa ziwani, aliongezewa walaji bila kuongezewa chakula.

Operesheni Rudi Nyumbani, mpango wa serikali ulioanza Mei 2008, ulilenga hasa kuondoa watu kambini. Ruzuku ya shilingi 10,000 ya kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba, ziliwafuata walioonekana kwenye mahema. Wengi waliokaa kwa ndugu walisahaulika.

Historia ina mfano bora zaidi. Baada ya 1945, manusura wa Kiyahudi wapatao 250,000 walipitia kambi za Ujerumani, Austria na Italia. Marekani ilimtaka mhamiaji awe na mdhamini, mara nyingi jamaa, aapaye kwa maandishi kwamba hatakuwa mzigo wa umma. Agizo la Rais Truman la Desemba 1945 likaruhusu mashirika ya hisani yadhamini pia. Hivyo asiye na ndugu naye aliweza kupata mdhamini, na mwenye ndugu hakumwachia ndugu huyo mzigo wote: mashirika ya misaada ya Kiyahudi kama HIAS na Joint yalisaidia nauli, malazi na kazi.

Huenda msomaji akasema kwamba boma la ukoo lina heshima kuliko hema. Ni kweli, na ndiyo sababu linastahili kusaidiwa. Wengine watauliza mkimbizi aliye kwa jamaa atatambuliwaje. Naibu wa chifu na wazee wa kijiji wanamjua kila aliyeingia, tangu siku alipoingia.

Sheria ya Kenya ya wakimbizi wa ndani ya 2012 inatambua kujumuika mahali mtu alipofikia kuwa suluhisho iwapo tu amechagua hivyo kwa hiari na kwa taarifa kamili. Asiye na pa kwenda hakuchagua. Kwa hiyo serikali kuu na kaunti ziwaandikishe waliofurushwa pamoja na wenyeji wao, na msaada ulifikie boma zima lililowapokea.