Chai ya Mchaichai Kabla ya Kulala: Kumbukumbu ya Wazanzibari wa Dubai

Katika nyumba zetu za Dubai, sisi wenye asili ya Unguja na Pemba, mchana hupita kwa Kiarabu na Kiingereza. Usiku, jikoni, Kiswahili hurudi. Baada ya sala ya isha bibi huteleka maji, akatia majani ya mchaichai yaliyofungwa fundo, kipande cha tangawizi kilichopondwa, kijiti cha mdalasini na hiliki mbili tatu. Maji yakishageuka rangi huyachuja, akatia sukari au asali. Majani ya chai hayatiwi, kwani hufukuza usingizi; hata hivyo kinywaji chenyewe huitwa chai. Wajukuu hupewa maziwa ya hiliki, wakaambiwa wanywe taratibu, kisha walale.

Tunaliandika jambo hili dogo kwa sababu historia yetu imeandikwa zaidi kwa majina ya masultani, mikataba na bei ya karafuu. Ya jikoni yameachwa.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalizitawanya familia nyingi. Mlango wa Oman ulikuwa mwembamba wakati wa Sultan Said bin Taimur. Aliposhika madaraka Sultan Qaboos, Julai 1970, ndipo wengi walipokaribishwa. Baadhi yetu tukawa tumekwisha kushukia Dubai. Njia haikuwa ngeni: majahazi ya Ghuba yalizoea kwenda Lamu, Mombasa na Unguja kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi na shehena za boriti. Kipya kilikuwa abiria wasiojua kama watarudi.

Waliotoka kwa haraka hawakubeba mengi, na hati za mashamba zilipoteza thamani ardhi ilipotaifishwa. Huku Imarati wengine walipata uraia, wengine walikaa miaka mingi bila uraia wowote, na baada ya 2008 wapo waliopewa pasipoti za Komoro, nchi ambayo hawakuwahi kuishi. Kwa familia za namna hiyo, kikombe cha usiku ni miongoni mwa vitu vichache vya Unguja vilivyofika vizima, kwa kuwa kilibebwa kichwani.

Vijana hutuuliza: kinywaji hiki ni cha Kiarabu au cha Kiafrika? Majina yake yanajibu. Mdalasini wa Unguja ndio darsin ya soko la viungo la Deira, na maneno yote mawili yanatokana na Kiajemi, kwa maana ya mti wa China. Sukari na asali ni maneno ya Kiarabu. Hiliki ililetwa na biashara ya India. Mchaichai ni jina walilolitunga Waswahili wenyewe. Hata mkarafuu, tunaouona kuwa ndio Zanzibar yenyewe, ulifika visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetaka asili moja tu hataipata ndani ya kikombe hiki, wala ndani ya familia zetu.

Mabibi waliozaliwa Unguja na Pemba wanapungua. Tunawaomba wasomaji wakae nao jikoni na kuandika: nini hutiwa kwanza, nani alimfundisha, katika mtaa gani, na maneno gani husemwa kikombe kinapotolewa. Yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa Kiunguja au Kipemba, bila kusahihishwa.