Baridi Iliyovuka Bahari: Historia Fupi ya Vyakula Vibichi Katika Safari za Meli

Kila mwanachama aliyewahi kufikisha maparachichi yake kwenye ghala la Chama ameyasikia maagizo ya karani wa mizani: matunda yasikae juani, wala yasilale shambani baada ya kuchumwa. Wako wanaoona maagizo hayo kuwa usumbufu mtupu. Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, tumeona yafaa kueleza maagizo hayo yalikotoka, maana historia yake ni ndefu kuliko umri wetu, na ndani yake mna habari za wakulima kama sisi.

Hapo kale, vyakula vilivyovuka bahari kuu vilikuwa vile visivyooza upesi: nafaka, chai, sukari, viungo na nyama iliyotiwa chumvi. Katika New Zealand ya miaka ya 1870, kondoo walifugwa kwa ajili ya sufu. Nyama ilipozidi mahitaji ya wenyeji, wanyama wengi walichinjwa na kuchemshwa ili kupata shahamu ya mishumaa na sabuni. Wakati huohuo miji ya viwanda ya Uingereza ilikuwa imejaa watu waliohitaji chakula. Kati ya nyama na mlaji palikuwa na bahari, na katika bahari hiyo palikuwa na ukanda wa joto usioepukika.

Wengi walijaribu na wengi walipata hasara. Mwaka 1873 James Harrison wa Australia alipakia nyama katika merikebu Norfolk, akitumaini barafu ingetosha hadi London. Baridi haikudumu, na nyama ikatupwa baharini. Mwaka 1876 Mfaransa Charles Tellier alisafirisha nyama kutoka Rouen hadi Buenos Aires katika meli Frigorifique yenye mitambo ya baridi. Baadaye meli Paraguay, iliyotumia mtambo wa Ferdinand Carré, ilifikisha Ufaransa nyama iliyogandishwa kutoka Argentina. Mnamo Februari 1880 meli Strathleven ikatia nanga London ikiwa na takriban tani 40 za nyama kutoka Australia, nayo ilikuwa nzuri.

Safari iliyokumbukwa kuliko zote ni ile ya merikebu ya matanga iliyoitwa Dunedin. William Davidson na Thomas Brydone, waliosimamia mashamba ya kampuni moja ya ardhi, waliifunga mtambo wa baridi na kuipakia karibu mizoga 5,000, iliyo mingi ikiwa ya kondoo. Kazi haikuanza vema: chuma cha kuzungusha mtambo kilivunjika wakati wa kupakia, na nyama iliyokwisha kuwekwa ikabidi itolewe na kuuzwa papo hapo. Hawakuacha. Merikebu iling'oa nanga Port Chalmers tarehe 15 Februari 1882, ikafika London baada ya siku 98. Katika shehena nzima ni mzoga mmoja tu uliokataliwa.

Mtambo ule ulifanya kazi kwa njia ambayo kila mtu aweza kuielewa. Hewa ikishinikizwa hupata joto. Ikipozwa kwanza na kisha ikaachwa ipanuke ghafula, huwa baridi kali. Hewa hiyo ndiyo iliyopelekwa katika tumbo la merikebu. Lakini walipofika katika nchi za joto, mabaharia waligundua kwamba hewa haikuzunguka sawasawa kati ya mizoga. Nahodha Whitson akatambaa ndani ya njia ya hewa ili kupanua matundu, akazidiwa na baridi, hata msaidizi wake akamvuta nje kwa kamba. Basi tangu siku zile ilijulikana kwamba haitoshi kuwa na mtambo mzuri. Hapana budi hewa ipate njia ya kupita.

Je, ni nani aliyefaidika na uvumbuzi huu? Mwanzoni ni wenye mashamba makubwa na makampuni yao. Mkulima mwenye ng'ombe wachache hakuweza kununua mtambo, sembuse kukodi nafasi katika meli. Njia yake ilikuwa moja tu: ushirika. Mwaka uleule wa 1882, wakulima wa Hjedding nchini Denmark walianzisha kiwanda cha siagi cha ushirika. Faida iligawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta kila mmoja, na katika vyama vya namna hiyo kura zilihesabiwa kwa vichwa vya watu, si kwa vichwa vya ng'ombe. Kabla ya miaka 10 kupita, viwanda vya aina hiyo vilikuwa mamia, na siagi yao ikajipatia sifa katika soko la Uingereza.

New Zealand nako, ushirika wa kutengeneza jibini ulikuwa umeanza katika rasi ya Otago mwaka 1871. Baridi ya melini ilipokuja, siagi nayo ikaweza kusafiri mbali, na vyama vikaenea. Kufikia mwaka 1920 nchi hiyo ilikuwa na viwanda 600 hivi vya maziwa, na asilimia 85 vilikuwa mali ya ushirika. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya Co-operative Creameries iliundwa mwaka 1925, nayo ilipeleka siagi ng'ambo. Lakini iliundwa na walowezi wa Kizungu kwa manufaa yao, na mfugaji Mwafrika alikaa nje ya mlango kwa miaka mingi. Jina la ushirika peke yake si haki. Haki hutegemea ni nani anayeruhusiwa kuingia.

Twapaswa pia kutofautisha kugandisha na kupoza. Nyama iliyogandishwa yaweza kungoja miezi. Tunda halivumilii barafu, kwa kuwa bado li hai: lavuta hewa, latoa joto, na laendelea kuiva. Wataalamu Kidd na West wa Cambridge walionyesha katika miaka ya 1920 kwamba matofaa hukawia kuiva hewa inayoyazunguka ikipunguzwa oksijeni na kuongezwa hewa ya kaboni. Elimu hiyo ndiyo inayotumika leo katika kusafirisha maparachichi, ambayo aghalabu hutunzwa katika nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi.

Mwaka 1956 Malcom McLean wa Marekani alipakia makontena 58 katika meli Ideal-X, na baada yake yakaja makontena yenye mitambo ya baridi. Sasa tunda la mkulima mdogo laweza kufungwa karibu na shamba na kufunguliwa Ulaya. Lakini tusidanganyike. Kontena hutunza baridi iliyokwisha kupatikana. Halikuundwa kupoza upesi shehena iliyoingia na joto la jua. Tena hewa yake hupita chini na kupanda kati ya maboksi, kama ilivyotakiwa kupita kati ya mizoga ya Dunedin. Wala safari haina urefu wa kuaminika: meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na matunda yakakaa njiani siku nyingi zaidi. Tunda lililochelewa shambani siku moja halina akiba ya kustahimili jambo kama hilo.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Kwa parachichi methali hii ni kweli kabisa, kwani tunda linaloiva hutoa hewa inayoyaivisha yaliyo jirani. Uzembe wa mmoja wetu huwa hasara ya wote waliomo katika kontena lile.

Kila mkutano mkuu unapofika, huulizwa kama ziada igawanywe yote au sehemu iwekwe akiba kwa ajili ya chumba cha baridi cha Chama wenyewe. Si haki kumlaumu anayetaka fedha yake mkononi. Karo na dawa hazingoji. Lakini historia yatuonyesha kwamba asiye na baridi yake huuza kwa bei ya aliye nayo, kwa sababu mnunuzi ajua tunda halitangoja. Wakulima wa Hjedding hawakuwa matajiri. Walikubali kupata kidogo kwa muda ili mtambo uwe wao, na kila mmoja akawa na kura moja juu yake. Miaka 10 ya kwanza imetufundisha kukusanya na kupima. Hii inayokuja na itukute tukimiliki.