Nani Alisaga Mchele wa Puto?

Puto ninayoizungumzia si lile la kupulizwa siku ya sherehe. Ni kitafunwa cha Ufilipino, keki ndogo nyeupe ya mchele inayopikwa kwa mvuke. Leo kuipika nyumbani ni kazi ya chini ya saa moja. Unachanganya unga, sukari, maziwa ya kopo na beking pauda, unamimina kwenye vikopo, unaweka kipande cha jibini juu, kisha unafunika. Wengine hutumia unga wa ngano mtupu, bila hata punje ya mchele. Hapo ndipo wazee huguna: hii nayo ni puto?

Wana hoja. Puto ya kale ilianza kuandaliwa siku moja kabla. Mchele ulirowekwa mpaka ukalainika, ukasagwa na maji kati ya mawe mawili, la juu likizungushwa kwa mkono. Uji mzito uliopatikana huitwa galapong. Uliachwa usiku kucha uumuke, ndipo ukatiwa sukari na kupikwa. Huko Manapla, katika kisiwa cha Negros, kilichouumua ni tembo la mnazi, na keki zilikalia vipande vya majani ya mgomba. Usiku ule uliacha uchachu mdogo ambao beking pauda haiwezi kuuleta.

Lakini hata puto ya kale haikuishi peke yake. Kerala, kusini mwa India, wana puttu. Indonesia wana putu. Zote ni za mchele, zote za mvuke, na nazi haikosekani. Ni vigumu kuamini kwamba majina hayo yamefanana kwa bahati tu, kati ya watu ambao bahari iliwaunganisha kwa biashara karne nyingi. Anayetafuta puto isiyoguswa na wageni atatafuta sana.

Mgeni aliyebadilisha zaidi kazi ya jikoni alikuja baadaye. Mwaka 1898 Marekani ilivichukua visiwa hivyo kutoka Hispania, ikavitawala hadi 1946. Katika shule za umma wasichana walifundishwa sayansi kimu, na madukani vyakula vya makopo vilizoeleka. Ngano haistawi katika joto la visiwa vile, hivyo kila aliyezoea unga wake alitegemea meli.

Maria Orosa aliliona tatizo hilo mapema. Alizaliwa Taal, akasomea kemia Seattle, akarudi nyumbani mwaka 1922. Alitengeneza unga wa mihogo na wa ndizi, pamoja na sosi ya ndizi inayoshika nafasi ya ile ya nyanya. Alitaka nchi yake ijilishe kwa mazao yake. Aliuawa katika vita vya kuikomboa Manila, Februari 1945.

Ninachojifunza kwake ni kwamba kutetea chakula cha nyumbani si lazima kuwe kutetea mateso ya jikoni. Tunaposifu galapong ya mawe, mara nyingi tunasahau mkono uliozungusha jiwe. Kwa sehemu kubwa ulikuwa wa mwanamke, na hakuna aliyemhesabia saa zake. Beking pauda ilipofika, kwake haikuwa usaliti wa mila. Ilikuwa nafuu.

Kwa hiyo ukitaka kuipika, roweka mchele usiku, usage kwa blenda na maji kidogo, uache uumuke, kisha tia sukari na upike kwa mvuke. Mpishi wa mkate wa kumimina wa pwani yetu ataitambua njia hiyo mara moja, maana naye ameshahama kutoka jiwe hadi blenda na mkate bado ni ule ule. Jiwe linaweza kupumzika. Vya kulinda ni mchele na ule usiku mmoja wa kusubiri, kwa sababu kusubiri hakumchoshi mtu mkono.