Glakoma: presha ya macho isiyouma

Mzee wa Nyamarambe, huko Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, akianza kujikwaa njiani, watu wa nyumbani husema ni uzee. Akikoswakoswa na bodaboda iliyotokea ubavuni, lawama ni za dereva. Huku kwetu Pwani husemwa hayo hayo. Kumbe huenda ni glakoma, tunayoiita presha ya macho.

Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Yasipotoka vizuri, presha hupanda na kuua polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Aina iliyo nyingi Afrika haiumi. Huanza kula pembeni, katikati pakabaki safi, hivyo mtu husoma gazeti bila shida huku akipoteza macho. Wala si presha ya damu: ile ya mkononi kuwa sawa hakusemi lolote kuhusu jicho.

Kosa linaloumiza wengi ni kudhani ni mtoto wa jicho na kungoja "aive". Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudi.

Utafiti uliofanywa Kongwa, Tanzania, na kutolewa mwaka 2000 uliwakuta nayo watu kama 4 kati ya kila 100 waliopita miaka 40. Ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wamo hatarini zaidi. Akipatikana mmoja, wote wakapimwe. Kutoka Nyamarambe, nenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Pwani kuna Kwale Eye Centre. Omba presha ya jicho ipimwe na mshipa uangaliwe pia, kwa sababu wengine huugua presha ikiwa ya kawaida. Muuza miwani wa sokoni hana kipimo hicho.

Dawa ya matone ni ya kila siku, maisha yote. Wengi huiacha kwa kuwa hawaoni nafuu, na hakika haileti nafuu. Kazi yake ni kulinda kilichobaki. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa timolol. Upo upasuaji, na pia leza: majaribio ya KCMC, Moshi, yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha leza ikifanya vizuri kuliko timolol.

Na yale matone ya steroidi ya kutuliza mwasho, yanayonunuliwa dukani bila cheti, yakitumiwa miezi mingi huweza yenyewe kupandisha presha. Chupa ikiwamo nyumbani, ibebe ukamwonyeshe daktari.