Uingereza: picha za treni za zamani na wazee wanaojua kuzisoma

Zaidi ya miaka 50 imepita tangu shirika la reli la taifa la Uingereza lizime moto wa treni zake za makaa ya mawe. Lakini hadi leo wapenzi wa treni, wengi wao wazee, wanakutana, picha nyeusi na nyeupe zikiwa mezani, na mabishano hayaishi. Kichwa hiki cha treni kilikuwa cha namba gani? Kilikuwa kinatoka wapi siku hiyo? Kilikuwa kimepakwa rangi gani?

Mtu wa nje anaweza kudhani huo ni mchezo wa wastaafu wasio na kazi. Ukweli ni kwamba bila watu hao, sehemu kubwa ya historia ya reli ya Uingereza ingeenda pamoja na vyuma chakavu.

Kijitabu cha mwaka 1942

Reli ya umma ya kwanza kutumia kichwa cha mvuke ilifunguliwa Uingereza tarehe 27 Septemba 1825, kati ya Stockton na Darlington. Serikali ilipotaifisha makampuni ya reli tarehe 1 Januari 1948, ilirithi vichwa vya mvuke karibu 20,000. Kila kimoja kilikuwa na namba yake, na vingi vya treni za mwendo wa kasi vilikuwa na majina: ya wafalme, ya ngome, hata ya farasi wa mashindano.

Mwaka 1942, kijana mmoja karani wa kampuni ya reli ya kusini, Ian Allan, alichapisha kijitabu chenye orodha ya vichwa vya kampuni hiyo. Kiliuzwa haraka, na vingine vikafuata kwa ajili ya makampuni mengine. Baada ya vita, watoto wa shule walijaa kwenye ncha za stesheni, kijitabu mkononi na kalamu ya risasi. Kila kichwa walichokiona, walikipigia mstari. Wachache waliokuwa na kamera ndogo walipiga picha moja moja kwa kuhesabu, maana filamu ilikuwa ghali kwa mtoto.

Watu wazima nao walikuwamo. Anayejulikana zaidi ni Eric Treacy, mchungaji wa Kianglikana aliyefanya kazi Edge Hill, mtaa wa wafanyakazi wa reli mjini Liverpool. Aliwazoea madereva na wachochea moto, akawapiga picha wao na mashine zao kwa miaka mingi. Baadaye akawa askofu wa Wakefield. Alifariki tarehe 13 Mei 1978 kwenye stesheni ya Appleby, akiwa amekwenda kupiga picha ya treni ya mvuke. Picha zake zimehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Reli mjini York.

Miaka ya kufunga

Mwaka 1955 ulitangazwa mpango wa kuleta vichwa vya dizeli na vya umeme. Mwaka 1960 karakana ya Swindon ilitoa kichwa cha mwisho cha mvuke kujengwa kwa ajili ya shirika hilo, Evening Star. Mwaka 1963 ikatoka ripoti ya Richard Beeching, iliyopendekeza kufunga stesheni zaidi ya 2,000 na njia za reli za kilometa karibu 8,000. Vijiji vingi vilipoteza treni yao. Tarehe 11 Agosti 1968 treni ya mwisho ya abiria ya mvuke ya shirika hilo kwenye njia kuu ilisafiri kutoka Liverpool hadi Carlisle na kurudi.

Waliokuwa na kamera walijua kwamba wanachokipiga leo kesho hakitakuwepo. Ndiyo maana picha za miaka hiyo ni nyingi, na nyingi zinasikitisha: vichwa vichafu vyenye kutu, vibao vya majina vimeng'olewa, vinasubiri kukatwa.

Picha nayo ina uongo wake

Viwanda vilivyojenga vichwa hivyo navyo vilipiga picha zao rasmi. Mara nyingi kichwa kipya kilipakwa kwanza rangi ya kijivu isiyong'aa, ili kila msumari na kila bomba vionekane. Baada ya kupigwa picha, kilipakwa upya rangi yake ya kazi. Anayeitazama picha hiyo leo anaona treni ambayo abiria hawakuwahi kuiona hivyo. Tena filamu za zamani hazikuipokea rangi nyekundu. Ilitokea karibu na nyeusi.

Hapo ndipo mzee aliyesimama stesheni akiwa na miaka 12 anapohitajika. Yeye anakumbuka rangi, mlio wa filimbi na harufu ya moshi. Lakini kumbukumbu nayo hukosea, na daftari lililoandikwa siku ile ile humsahihisha. Picha, daftari na mzee: kila kimoja kinamshuhudia mwenzake.

Kutoka picha hadi chuma

Matunda yake yanaonekana. Katika mji wa Barry, Wales, mfanyabiashara wa vyuma chakavu, Dai Woodham, alinunua vichwa 297 vya mvuke. Aliwahi zaidi kukata mabehewa ya mizigo, vichwa vikabaki vinasubiri. Kati ya mwaka 1968 na 1990 wapenzi wa treni walichanga pesa na kuvikomboa 213. Vingi vilikuwa vimenyofolewa vipuri.

Vichwa vya aina ya A1 havikupata bahati hiyo. Vilijengwa 49, na kufikia mwaka 1966 vyote vilikuwa vimekatwa. Mwaka 1990 raia waliamua kujenga cha 50. Walitumia michoro ya zamani iliyohifadhiwa, wakachangisha pesa kidogo kidogo, na mwaka 2008 kichwa kipya kiitwacho Tornado kilitembea kwa moto wake.

Habari hii inagusa Kongo pia. Reli ya Benguela, iliyopitisha shaba ya Katanga kutoka mpaka wa Dilolo hadi bandari ya Lobito, ilitumia vichwa virefu vya Garratt vilivyojengwa na Beyer Peacock kwenye kiwanda cha Gorton, Manchester. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1966. Nyaraka zake zilizobaki zinatunzwa katika makumbusho ya mji huo.

Wanaoandika nyuma ya picha

Kinachowatia wasiwasi wapenzi hao sasa si vyuma tena. Mtoto aliyepiga mstari kwenye kijitabu mwaka 1950 ana zaidi ya miaka 80. Akifa, watoto wake wanakuta masanduku ya picha wasizozielewa, na mara nyingine yanatupwa. Picha isiyo na tarehe, mahali wala namba haimsaidii mtafiti sana, hata ikiwa nzuri vipi. Ndiyo sababu ya mabishano yale mezani: mtu anashika kalamu, na wakikubaliana, anaandika nyuma ya picha namba ya kichwa, jina la stesheni na mwaka.