Hofu ya Leba na Siasa Zake: Kutoka Kharkiv hadi Wodi Zetu za Wazazi

Muhula uliopita, katika somo la historia ya tiba na dola, tulifika kwenye mada ya kujifungua bila dawa za maumivu. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima aliyefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi kabla ya kurudi darasani, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbinu hizi zilibuniwa ili mwanamke asiumie, au ili asipige kelele?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanze na istilahi. Hipnosisi si usingizi wala mazingaombwe. Ni hali ya utulivu ambamo mtu hukaza fikra kwenye jambo moja, akapokea kwa wepesi maelekezo anayopewa. Katika hipnosisi binafsi, mtoa maelekezo na mpokeaji ni mtu yuleyule. Mjamzito hujizoeza kwa wiki kadhaa kupumua polepole, kulegeza misuli na kujirudia maneno ya utulivu, ili uchungu utakapoanza mwili uwe umekwisha kuifahamu njia hiyo.

Wazo hili lilizuka ndani ya mvutano mrefu kuhusu nani atawale chumba cha kujifungulia. Mwaka 1847, daktari James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu kwa wazazi, na mwaka 1853 Malkia Victoria aliitumia alipomzaa Leopold. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Freiburg, Ujerumani, walieneza mchanganyiko wa mofini na skopolamini ulioitwa usingizi wa machweo. Dawa hiyo haikuondoa maumivu yote, iliondoa kumbukumbu. Mwanamke aliweza kupiga kelele usiku kucha, asubuhi akaamka bila kukumbuka lolote. Kelele zilibaki, shahidi akatoweka.

Aliyekuja kinyume ni Mwingereza Grantly Dick-Read. Katika maandiko yake ya mwaka 1933 na 1942 alidai kwamba hofu hukaza misuli, misuli iliyokazana huzaa maumivu, na maumivu huongeza hofu. Mfundishe mwanamke, mtulize, na mduara huo utakatika. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini ilichanganyika na fikra za kikoloni. Aliamini kwamba wanawake wa jamii alizoziita za kale huzaa kwa wepesi, na kwamba ustaarabu ndio uliowatia hofu wanawake wa Ulaya. Bibi zetu waligeuzwa kuwa kielelezo cha nadharia bila kuulizwa. Laiti wangeulizwa, wangemjibu kwa methali: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Wakati huohuo, njia nyingine ilikuwa ikichongwa Kharkiv, nchini Ukraine, ndani ya Muungano wa Kisovieti. Tangu miaka ya 1920, Platonov, Velvovsky na wenzao walikuwa wakitumia hipnosisi kwa wazazi. Walikwama kwenye tatizo ambalo kila mtumishi wa umma analifahamu, nalo ni uhaba wa wataalamu. Hipnosisi ilihitaji daktari akae na mzazi mmoja kwa muda mrefu. Ndipo wakageuza utaratibu. Badala ya kumpumbaza mwanamke mmoja mmoja, wakaanza kuwafundisha wajawazito kwa makundi jinsi mwili unavyofanya kazi, jinsi ya kupumua na jinsi ya kujituliza, wakiegemea nadharia ya Pavlov. Mwaka 1951 serikali ya Kisovieti iliagiza mbinu hiyo itumike nchi nzima. Sauti ya daktari ilikuwa imehamia ndani ya kichwa cha mwanamke mwenyewe. Hayo ni maendeleo. Lakini tusisahau kwamba iliipendeza pia dola iliyokuwa na upungufu wa dawa.

Mwaka huohuo, daktari Mfaransa Fernand Lamaze aliiona mbinu hiyo huko, na mwaka 1952 akaanza kuitumia katika hospitali ya uzazi ya chama cha wafanyakazi wa vyuma mjini Paris. Vita Baridi vikaingia hadi leba. Wako walioikataa kwa sababu tu ilitoka kwa Wakomunisti, mpaka Papa Pius XII alipotamka mwaka 1956 kwamba haina kosa kimaadili. Hata hivyo, katika hospitali hiyo wazazi walipangiwa madaraja, kutoka waliofaulu vizuri hadi walioshindwa. Mimi ninayesahihisha mitihani najua uzito wa alama. Mwanamke aliyepiga kelele alihesabiwa kuwa amefeli kuzaa, ilhali mtoto analia mikononi mwake.

Hapo swali la mkunga wetu linapata nusu ya jibu. Nusu ya pili inatoka kwenye utafiti. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2015, lililohusisha wanawake 680, halikuonyesha kwamba mafunzo ya hipnosisi binafsi yalipunguza matumizi ya ganzi ya mgongoni. Lakini waliofunzwa walisema baadaye kwamba hofu na wasiwasi wao havikufikia kiwango walichokuwa wametarajia. Kwa hiyo mbinu hii si mbadala wa dawa, ila yaweza kuwa tiba ya hofu, na hofu nayo ni ugonjwa.

Kwetu, hofu hiyo ina mizizi ya aina mbili. Ipo inayotokana na kutojua, na hiyo yaweza kutulizwa kwa mafunzo kliniki, kwa gharama ndogo sana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mbinu za kutuliza mwili na pumzi kwa mzazi mwenye afya njema anayehitaji nafuu, pamoja na haki ya kuwa na mwenzi aliyemchagua mwenyewe. Ipo pia hofu yenye sababu: lugha ya matusi, kitanda cha watu wawili, damu isiyopatikana usiku. Hofu ya namna hiyo haitibiwi kwa pumzi. Inatibiwa kwa bajeti.

Nimemjibu mwanafunzi wangu hivi: mbinu ni ya mwanamke pale anapoichagua mwenyewe, akiwa na ruhusa ya kuiacha katikati na kupiga kelele, na dawa ikiwa ipo kabatini. Akiamriwa ajitulize kwa sababu kabati ni tupu, huo ni ubahili wa serikali uliovikwa koti la tiba. Alitikisa kichwa, akasema: "Basi waandike hivyo kwenye mwongozo." Nami nauweka ujumbe wake hapa, kwa wale wanaoiandika miongozo hiyo.