Ruzuku ya Serikali na Afya ya Watu katika Buha: Kasulu na Kibondo tangu 1926

Neno ruzuku ni la ukoo mmoja na neno riziki, na asili ya yote mawili ni Kiarabu. Katika matumizi ya kale mwenye kuruzuku ni Mungu, na mwenye kuruzukiwa ni kiumbe asiye na cha kutanguliza. Neno hilo lilipoingia katika lugha ya utawala, likawa na maana ya fedha zitolewazo na hazina kuu ili kusaidia kazi ya halmashauri, ya misheni au ya kijiji. Lakini picha ya kale ya kipawa kishukacho kutoka juu haikuliacha. Historia ya huduma za afya katika Buha yaonyesha kwamba picha hiyo haikulingana na mambo yalivyokuwa.

Buha ni nchi ya miinuko iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Malagarasi, na kwa upande wa magharibi na kaskazini imepakana na Burundi. Heru na Bushingo zilikuwa upande wa Kasulu. Muhambwe na Buyungu, upande wa Kibondo. Na kila moja ilitawaliwa na mwami wake. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watawala hao madaraka chini ya Waingereza, na hazina zao zikapewa fungu la kodi iliyokusanywa. Katika miaka hiyohiyo Idara ya Utibabu ya Tanganyika ilianza kuwafundisha vijana kazi ya udresa, nao walilipwa na hazina za wenyeji. Dresa alifunga vidonda, alitibu buba na maradhi mepesi, na aliyemshinda alimpeleka hospitali.

Basi yafaa kuulizwa kodi hiyo ilitoka wapi. Katika Buha kazi za mshahara zilikuwa chache mno, na wanaume wengi walikwenda kuzitafuta katika mashamba ya mkonge ya pwani, wakaitwa manamba. Baada ya mwaka 1944 uandikishaji wao ulisimamiwa na shirika la waajiri wa mkonge lililojulikana kwa jina la SILABU. Kwa hiyo dawa aliyopewa mama aliyebaki Kasulu yaweza kusemwa ililipiwa, kwa sehemu, na jasho la mumewe aliyekuwa Tanga.

Mchango wa pili haukuwa wa fedha. Tangu mwaka 1933 serikali iliwahamisha watu wa Buha kwa ajili ya malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Daktari George Maclean, aliyesimamia vita dhidi ya malale katika Tanganyika, alishikilia kwamba watu wakikusanywa pamoja kwa wingi wataweza kuifyeka nchi na kuizuia isirudi kuwa pori, na mbung'o atakosa kivuli. Hapana shaka hoja hiyo ilikuwa na msingi wa elimu. Lakini Waha walizoea kukaa mbalimbali, kila mji na migomba yake, na waliohamishwa waliacha migomba hiyo pamoja na makaburi ya wazee wao. Kufyeka na kujenga kulifanywa kwa mikono yao wenyewe. Katika daftari la hazina, gharama ya dresa na dawa ina safu yake. Kazi ya shoka na jembe haina.

Njia ya tatu ilikuwa ruzuku kwa misheni. Waadventista walikuwa na hospitali yao Heri, Wakatoliki Kabanga, na Waanglikana waliwahudumia wenye ukoma huko Makere. Ruzuku za namna hii zilipimwa hasa kwa idadi ya watumishi wenye vyeti na, baadaye, kwa vitanda pia. Kwa hiyo aliyekwisha kuwa na wauguzi alipata, na penye upungufu mkubwa zaidi palikuwa na haki ndogo zaidi ya kudai. Kamati ya Profesa Richard Titmuss, iliyotoa taarifa yake mwaka 1964, iliona jinsi nchi nzima ilivyotegemea hospitali za mashirika ya hiari, na ikashauri huduma zote zipangwe kwa pamoja.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilielekeza nguvu zake vijijini. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwakusanya tena watu wa Buha katika vijiji, na wale waliokumbuka malale walijikuta wakihama mara ya pili katika maisha yao. Zahanati na vituo vya afya viliongezeka, na matibabu yalikuwa bure mpaka mwaka 1993, ulipoanza utaratibu wa kuchangia gharama.

Kutoka katika utaratibu huo likazaliwa jina jipya: tele kwa tele. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001, uliahidi kwamba kila shilingi itakayochangwa na kaya, serikali itaweka nyingine mfano wake. Jina hili ni la kweli kuliko ruzuku, kwa kuwa lakiri kwamba mwananchi ametoa kwanza. Hata hivyo lina ukali wake: wilaya yenye watu maskini huchanga kidogo, na kwa hiyo huongezewa kidogo. Mfuko wa pamoja wa wafadhili ulifuata kipimo kingine katika miaka ya 2000: sehemu 70 katika 100 ziligawanywa kwa idadi ya watu, na sehemu 10 kwa kila kimoja cha vipimo vitatu, yaani umaskini, umbali wa njia na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 fedha hizo hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati au kituo chenyewe.

Vipimo hivyo viwili vina maswali mawili tofauti. Cha kwanza chauliza, «Umetoa nini?» Cha pili chauliza, «Umepungukiwa na nini?» Kwa muda mrefu Buha iliulizwa swali la kwanza, nayo ikajibu kwa kodi, kwa shoka na kwa kuhama. Mwanahistoria atakayeandika habari za afya ya nchi hiyo kwa kufuata hesabu za ruzuku peke yake ataandika habari za mpokeaji. Na Waha, kwa kadiri mambo yalivyokuwa, walikuwa pia walipaji.